Riwaya ya uchawi si shahidi wa uchawi



Kwa muda mrefu wahubiri na walimu wa dini tumekuwa na jibu moja kuhusu vitabu na filamu za kutisha: ni upuuzi, tuachane navyo. Jibu hilo ni fupi na rahisi, lakini halijamfanya hata Muislamu mmoja aache kusoma. Watu wanasoma, wanaangalia, wanasimuliana, kisha wanakuja msikitini na yale waliyosoma yakiwa yamekwishageuka itikadi.

Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu katika shule ya sekondari hapa Mwanza, na kila Jumapili baada ya swala ya Alasiri nina darasa la watu wazima. Tulipofika katika mada ya tawhiid, sehemu ya kuamini ghaibu, niligundua kuwa maswali ninayoulizwa hayatokani na Qur'an. Ustadh, ni kweli mtu anaweza kufanywa msukule akalimishwa shamba usiku? Ustadh, jini mwanamke akimpenda binadamu hutoka na kwato? Nikiuliza, "Umeyapata wapi haya?", jibu huwa, "Nilisoma," au "Niliona kwenye mkanda." Mwanzoni mwa miaka ya 2000 filamu za Mussa Banzi kama Nsyuka na Shumileta zilizunguka nchi nzima, na watu wazima niliokuwa nao darasani ni wale waliozitazama wakiwa vijana katika mabanda ya video. Magazeti pendwa nayo yalikuwa na hadithi za mfululizo zinazokatwa pale pale jini linapofungua mlango. Leo hadithi hizo ziko kwenye simu.

Nikaona kama watu wanasoma, basi tusome pamoja, mchana, na kitabu kiwe mezani. Tukachagua riwaya ya Mirathi ya Hatari ya C.G. Mung'ong'o, iliyochapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1977. Ni riwaya ya watu wazima. Kijana aliyekwenda shule anarithishwa uchawi na baba yake, na tangu hapo maisha yake hayawi yake tena. Uchawi ndani ya kitabu hicho si mzaha wala ndoto. Mwandishi ameusimulia kama jambo linalofanyika, usiku, kwa vifaa vyake na kwa hofu yake. Nakala moja chakavu ilipita mkono kwa mkono kwa muda wa miezi miwili. Kila aliyemaliza alitakiwa kusimama na kutoa maoni yake. Maoni hayo ndiyo ninayotaka tuyatazame, kwa sababu katika kila moja niliona jambo linalohusu maisha ya watu katika kanda hii yetu ya Ziwa.

"Huyu ameyaona"

Wa kwanza alikuwa kijana dereva wa bodaboda. Alisema, "Ustadh, huyu mwandishi haya ameyaona. Mtu hawezi kutunga mambo kwa undani namna hii." Darasa karibu zima liliafiki. Mmoja akaongeza kuwa hata Qur'an imetaja uchawi, kwa hiyo kitabu kimesema kweli.

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na linafanywa na watu wenye imani nzuri. Ni kweli Qur'an imetaja sihiri. Ni kweli kuna sura nzima iitwayo Al-Jinn. Muislamu anayekanusha kuwepo kwa majini anakanusha aya zilizo wazi. Lakini kuamini kwamba jambo lipo ni kitu kimoja, na kuamini kila anayesimulia juu ya jambo hilo ni kitu kingine kabisa. Tunaamini kuwa wezi wapo. Je, kila anayesema "fulani ni mwizi" tunampelekea fulani matairi na petroli? (Najua mitaa ambayo jibu ni ndiyo, lakini hatulizungumzii hilo leo.)

Undani wa maelezo si dalili ya ukweli. Undani ndiyo kazi ya mwandishi, kama vile fundi seremala mzuri anavyoweza kuchonga kwenye mlango ua ambalo halikupata kuota popote duniani. Tangu zamani nyumba za Waswahili zimekuwa na Alfu Lela Ulela, majini yanatoka chupani na mazulia yanaruka, na sijasikia shekhe aliyejenga hukumu juu ya zulia. Wazee wetu walijua hekaya ni hekaya. Sisi ndio tuliopoteza ujuzi huo, nadhani ni kwa sababu hekaya za siku hizi zina bodaboda, vituo vya basi na majina ya mitaa tunayoifahamu.

Niliwarejesha wanadarasa kwenye kisa cha Nabii Musa (a.s.) na wachawi wa Firauni. Katika Suratul A'raf (7:116) Mwenyezi Mungu (s.w.) anatueleza mambo mawili waliyoyafanya wachawi wale walipotupa vifaa vyao: waliyazuga macho ya watu, na waliwatia hofu. Katika Suratu Taha (20:66) tunaambiwa kuwa kamba na fimbo zao zilionekana kana kwamba zinakwenda. Aya ya 67 inasema Musa mwenyewe alihisi khofu ndani ya nafsi yake, na aya ya 68 akaambiwa asiogope. Basi tazama, ndugu msomaji: macho yaliyozugwa na nyoyo zilizotishwa. Hivyo viwili ndivyo vilivyokuwa mtaji wao. Kuogopa si dhambi wala si aibu, ikiwa Mtume wa Mwenyezi Mungu alihisi hofu. Lililo baya ni kuifanya hofu kuwa hoja.

Kibarazani

Mzee mmoja, mstaafu wa reli, alikuwa na maoni tofauti. "Mimi kitabu hiki sikukilaza ndani. Nilikuwa nakisomea kibarazani, nikimaliza nakiacha huko huko." Watu walicheka, yeye hakucheka. Kwake kitabu chenye habari za uchawi ni najisi, na aliniuliza waziwazi inakuwaje mwalimu wa dini anakileta msikitini.

Swali lake ni zuri kuliko lilivyopokelewa. Kuna vitabu vya sihiri kweli, vyenye michoro, herufi na maelekezo ya kuita mashetani, na baadhi vimeandikwa kwa herufi za Kiarabu vikauzwa kwa watu wasiojua Kiarabu kama vitabu vya dini. Hivyo havina nafasi nyumbani wala kibarazani. Lakini kusimulia si kufundisha. Qur'an imesimulia habari za wachawi wa Firauni na habari za Haruta na Maruta (2:102) bila kumfundisha msomaji hata chembe ya sihiri. Kipimo nilichompa mzee ni hiki: akifunga kitabu, je, msomaji ameutamani uchawi au ameuchukia? Alifikiri, akasema, "Nimeuchukia." Hata hivyo nasikia hadi mwisho aliendelea kukiacha nje.

Kijana wa tatu, mwanafunzi wa chuo kikuu hapa mjini, alisimama na kusema kuwa uchawi haupo, ni ujinga wa wazee, na mwandishi ameutumia kama alama tu ya jamii iliyokwama. Alisema kwa kujiamini sana, mikono mifukoni. Nilimwambia amesema nusu. Suala la uchawi una uhalisia au ni kiini macho si geni, wanachuoni walilijadili zamani. Abu Bakr al-Jassas, mwanachuoni wa Kihanafi wa karne ya nne Hijria, katika kitabu chake Ahkamul Qur'an alielekea kwenye rai kwamba sihiri ni hila na mazingaombwe. Wanachuoni wengi walikuwa na rai kwamba ina uhalisia na athari, lakini hakuna dhara linalompata mtu ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu, kama aya ile ya 2:102 inavyoeleza. Waliotofautiana hivyo hawakutofautiana katika jambo moja: mtu hahukumiwi kuwa mchawi kwa uvumi, kwa ndoto, wala kwa rangi ya macho yake.

Na kijana huyu nilimuuliza: kama uchawi haupo, waliokufa kwa ajili yake hawapo? Hilo hakuwa na jibu lake, na tutalirudia.

Ziwa na hadithi zake

Anayeishi kando ya Ziwa Victoria anajua kuwa hofu huku haikosi mahali pa kushika. Mei 21, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na mamia ya watu walipoteza maisha. Wengi walizikwa Igoma, na hadi leo makaburi hayo yapo. Septemba 20, 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, Ukerewe. Zaidi ya watu 220 walifariki katika chombo kilichotengenezwa kubeba abiria 101. Baada ya ajali zote mbili nimesikia kwa masikio yangu habari za jini la ziwani lililodai kafara, habari za mwanamke aliyekuwa ameketi peke yake na hakuonekana tena, habari za mganga aliyetabiri.

Sasa fanya hesabu. Chombo cha watu 101 kimepakia zaidi ya mara mbili ya idadi hiyo. Hesabu hiyo haihitaji jini. Lakini hadithi ya jini ni tamu zaidi, na ina faida kwa mtu mmoja: yule aliyekata tiketi nyingi kuliko viti. Jini likishalaumiwa, yeye hakuna anayemuuliza. Na kuhusu utabiri wa majini, Suratu Sabai (34:14) imekata mzizi: majini waliendelea kufanya kazi ngumu wakidhani Nabii Sulaiman (a.s.) yu hai na anawatazama, kumbe amekwishakufa akiwa ameegemea fimbo yake, hadi mdudu alipoila fimbo ile akaanguka. Kama wangejua ghaibu wasingeendelea kutaabika. Jini ambalo halikujua kuwa bwana wake aliyesimama mbele yake amekufa, litajuaje nani kakuibia ng'ombe Misungwi?

Kila upande wa nchi una mji wake wa wachawi. Zanzibar wana Giningi. Sisi huku tuna Gamboshi, kijiji cha Bariadi, mkoa wa Simiyu, ambacho kimebandikwa jina la makao makuu ya wachawi. Inasimuliwa kuwa usiku kinageuka jiji lenye taa na magari. Mchana ni kijiji cha wakulima na wafugaji kama vijiji vingine vya Usukumani. Wenyeji wake wamebeba hadithi ambayo hawakuitunga wao.

Jambo la kupendeza ni kwamba mwandishi wetu mkubwa wa riwaya za upelelezi, Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, aliliona tatizo hili mapema. Riwaya yake ya Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58, ikachapwa 1960. Kuna maiti, kuna mahali pa mizimu panapoogopwa, kila mtu anatetemeka, na Bwana Msa na kiko chake anakataa kutetemeka. Anauliza maswali. Mwishowe mkono uliofanya mauaji ni mkono wa binadamu, mwenye sababu za kibinadamu, aliyejificha nyuma ya hofu ya wenzake. Mwaka 1968 alitoa Kisima cha Giningi, jina la mji ule ule wa wachawi likiwa juu ya jalada. Kwa maoni yangu, Bwana Msa amewafundisha Waislamu wa Afrika Mashariki kuthibitisha habari kuliko baadhi ya khutba nilizozisikia, ingawa mwandishi hakukusudia kuandika kitabu cha dini.

Na visiwani huko huko hatuna budi kukumbuka mwaka 1995, hofu ya Popobawa ilipotapakaa Pemba na Unguja. Watu wazima walilala nje wakiwa wamejikusanya kuzunguka moto. Katika hofu hiyo umati ulimuua mtu mmoja aliyekuwa mgonjwa wa akili, wakidhani ndiye. Alikuwa mtu tu.

Maoni ya mama wa dagaa

Maoni yaliyonishangaza zaidi yalitoka kwa mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba. Hakusoma zaidi ya darasa la saba, na kitabu alisomewa na binti yake. Alisema, "Ustadh, mimi uchawi wa humo haukunitisha. Kilichonitisha ni baba kumtwisha mwanawe mzigo ambao mtoto hakuuomba. Mtoto alikuwa na maisha yake. Mzee anakufa, anamwachia balaa."

Darasa lilinyamaza. Wote tulikuwa tumetazama neno la mwisho katika jina la kitabu, hatari. Yeye alitazama neno la kwanza.

Nafundisha mirathi kila mwaka. Watoto wanakariri mafungu: nusu, robo, thumni, theluthi mbili, theluthi, sudusi. Wanajifunza kuwa kabla ya kugawa huondolewa gharama za mazishi, madeni na wasia. Lakini sikuwa nimepata mfano mzuri kama huu wa kile ambacho hakirithiwi. Dhambi hairithiwi. Qur'an (6:164) imeweka wazi kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyingine. Hakuna fungu la uchawi katika mirathi, wala la laana, wala la jina baya.

Ndipo aliposimama dada mmoja ambaye kwa miezi yote miwili hakuwa amesema neno. Alisema kitabu hakukisoma. Alisoma jina la juu ya jalada akakirudisha. Sitaeleza anakotoka, ila ni moja ya wilaya za kanda yetu. Bibi yake mzaa mama aliuawa kwa panga usiku, akiwa jikoni, kwa kuwa mtoto wa jirani alikufa na mpiga ramli akasema kuna kikongwe karibu. Baada ya maziko, ndugu wa mume wa mama yake walianza kusema kuwa uchawi hurithishwa, na kwamba kama bibi ameondoka basi mikoba ameachiwa mtu. Mama yake alihama usiku na watoto. Yeye alikua Mwanza mjini, akaolewa, na hadi leo hasemi mbele za watu kijiji cha kwao ni kipi.

Haya hayakutungwa na mwandishi yeyote. Na si kisa kimoja. Mtafiti Simeon Mesaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyefanya kazi juu ya mauaji haya, alionyesha kuwa kati ya mwaka 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, zaidi ya nusu yao Usukumani, na wengi wao wanawake. Idadi hiyo ni ya miaka kumi na mitano tu, na ni ya yale yaliyoandikwa. Macho mekundu yaliyowaponza wengi yalikuwa na sababu inayojulikana na kila aliyewahi kupika katika nyumba ya nyasi: moshi. Usukumani miti ilipungua, wanawake wakapikia mabua na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya jiko lisilo na dirisha, kwa miaka hamsini. Jicho gani litabaki jeupe?

Kwa hiyo nikamrudia kijana wa chuo. Kumwambia mwanakijiji kwamba uchawi haupo hakumwokoi bibi, kwa sababu mwanakijiji hatakuamini, ataona umesoma ukapotea. Na kumwambia kuwa uchawi upo, ukaishia hapo, kunamnolea panga. Linalomwokoa bibi ni swali la Bwana Msa, ambalo kabla ya Bwana Msa lilikuwa agizo la Qur'an (49:6): ikija habari, ithibitisheni, msije mkawadhuru watu kwa ujinga kisha mkajuta. Nani kamwona? Akifanya nini? Shahidi wake nani? Ushahidi ni juu ya anayedai. Kanuni hiyo kila kadhi na hakimu anaifahamu.

Tena kuna hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.), katika Bukhari na Muslim, inayotaja mambo saba yenye kuangamiza. Sihiri imo, ya pili baada ya shirki, na kila shekhe anaitaja akikemea wachawi. Lakini endelea na orodha. Linalofuata ni kuua nafsi iliyoharamishwa. La mwisho ni kuwasingizia uchafu wanawake waumini waliojihifadhi. Mtu aliyemzulia bibi wa watu uchawi kisha akamkata panga amedai kupambana na moja katika yale saba. Kuua nafsi amekufanya kwa mkono wake, na kumzulia mwanamke jambo asiloliona kuko jirani sana na lile la mwisho.

Msimulizi asiyeandika jina

Nilipofika hapo niliwaeleza wanadarasa jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote tuliyojifunza katika riwaya ile. Mung'ong'o ameweka jina lake juu ya jalada. Ameita kazi yake riwaya. Ukitaka unaifunga, unaiweka kibarazani. Mpiga ramli naye ni mtunzi. Ana wahusika wake: kikongwe, jirani mwenye husuda, jini la ziwani. Ana vifaa vya jukwaani: kioo, kibuyu, kaniki. Anajua kukatiza hadithi pale pale ili urudi kesho na kuku mwingine. Tofauti ni moja tu, kwamba yeye hakwambii kuwa ni hadithi. Na hadithi yake inamtaja mtu halisi, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwako.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata matokeo. Kuanzia mwaka 2007 hivi, kanda hii iliingia katika mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino. Simulizi ilikuwa ni ile ile ya filamu: kiungo cha mtu, dawa, utajiri wa dhahabu au samaki. Mwaka 2008 mwandishi wa habari wa BBC, Vicky Ntetema, alijifanya mfanyabiashara akaenda kwa waganga wa Kanda ya Ziwa, na alipofichua aliyoelezwa huko ilibidi ajifiche kwa vitisho. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyokaa Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua kijana mwenye ualbino. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli. Kufikia wakati huo Umoja wa Mataifa ulikuwa ukitaja zaidi ya watu 70 wenye ualbino waliouawa nchini tangu mwaka 2000. Wanunuzi wa hadithi ile hawakuwa wajinga wa kijijini peke yao. Dawa ya mamilioni hainunuliwi na mkulima wa pamba.

Na katika wanunuzi Waislamu wamo. Tusijidanganye kuwa ni mambo ya wengine. Mtume (s.a.w.) amemtahadharisha anayemwendea mpiga ramli na kumuuliza kuwa swala zake za siku arubaini hazikubaliwi, kama ilivyo katika Sahihi Muslim, na bado tunao wanaotoka kwa mpiga ramli wakaja safu ya mbele. Wapo pia wapiga ramli waliovaa kanzu, wenye msahafu mezani, wanaoita ramli yao "tiba ya Kisunna". Ruqya iliyo sahihi ni kumsomea mgonjwa Qur'an na dua. Ukisikia msomaji anakutajia jina la adui yako, hapo kisomo kimekwisha na ramli imeanza, inuka uondoke.

Baadhi ya ndugu wameniuliza kama basi nawahimiza Waislamu wasome riwaya za kutisha. Sijasema hivyo. Zipo zinazopamba zinaa kwa kisingizio cha jini mwanamke, na hizo sioni haja ya kuzitetea. Zipo zinazomwonyesha kila bibi kizee kuwa mchawi kuanzia ukurasa wa kwanza, na hizo kwa kanda yetu ni hatari kuliko zile za zinaa, ingawa hatuzikemei hata kidogo. Kitabu kama Mirathi ya Hatari ni cha mtu mzima. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza asipewe akajisomee chumbani peke yake. Na mtu mzima akikisoma, asome na mwenzake wa kubishana naye. Dada yule niliyemtaja aliniomba nakala wiki mbili baadaye. Amekifikisha katikati, na anasema baba wa kijana yule anamkasirisha zaidi kuliko wachawi wote waliomo.

Mmoja wa wanadarasa alilalamika kuwa tangu aanze kukisoma halali vizuri, na mkewe amemshauri aende kwa mzee fulani wa Nyakato akafanyiwe zindiko. Nilimwambia asikisome baada ya Isha, kabla ya kulala asome Ayatul Kursiyyu na Suratul Ikhlas, Falaq na Naas kama alivyokuwa akifanya Mtume (s.a.w.), na pesa ya zindiko ampelekee mkewe sokoni.